Mtu Mmoja Ndani ya Ndege

Matinyani, Kitui
14 Januari 2024

Mpendwa Kaloki,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama hajambo, ila goti lile lile, na anasema nikuandikie kwa kalamu kama kawaida kwa sababu simu ni ya kuulizana mmelalaje. Mambo yenye uzito yaandikwe. Hiyo ilikuwa amri ya marehemu baba, na Mama ameifanya amri ya kumi na moja. Barua zako zote ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake. Kila Jumapili tukitoka kanisani ananikalisha nimsomee moja, hata ile ya zamani ya theluji ambayo nimeisoma hadi naota baridi. Kutwa nasahihisha insha za darasa la sita, Jumapili nasoma zako. Angalau wewe huanzi na jogoo wa kwanza kuwika.

Mvua ya Novemba haikututupa. Ndengu zimejaa, na shangazi wa Kyuso ametuongezea gunia lake kana kwamba sisi hatukuvuna.

Sasa jambo lenyewe. Ni mdogo wetu Mwangangi. Kazi ya kuchuma nyanya huko Uholanzi iliisha Oktoba, na kibali chake cha kukaa kikaisha nayo. Alituambia ataongezewa. Hakuongezewa. Analala sakafuni kwa Mghana mmoja waliyefanya kazi pamoja, na unajua mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye hata jembe hana mahali pa kulilimia. Kurudi nyumbani hataki. Anasema atarudi vipi na mikono mitupu wakati mbuzi watatu wa ntheo, wa kufunga uchumba, wameshapelekwa kwa kina Kalunde kule Wote, Makueni, na msichana wa watu amekaa anamngoja?

Mama amepata dawa. "Kaloki si ana ndege? Aende amchukue, wakae pamoja." Amelisema mbele ya akina mama wa maombi ya Jumatano, mchungaji akaitikia amina, na sasa Matinyani nzima inajua kwamba utamchukua.

Nimemwambia nitakuuliza. Basi nakuuliza.

Dada yako,
Wayua


Norfolk, Uingereza
2 Februari 2024

Dada Wayua,

Nimecheka peke yangu hadi mwenye nyumba akabisha mlango kuuliza kama niko sawa. Mwambie Mama nampenda, kisha msomee yafuatayo polepole.

Kwanza, ndege si yangu. Ni yetu watu sita, kama vile kina Mzee Ndolo walivyokuwa na punda mmoja, kila mtu na siku yake ya kuteka maji. Mimi kazi yangu ni ufundi wa ndege za watu. Leseni ya kuruka niliisomea kwa hamu yangu, na inaniruhusu kurusha ndege ndogo kwa starehe. Ndege yetu ina injini moja na viti vinne, lakini wakikaa watu watatu walioshiba, wa nne abaki chini.

Pili, hewa ina malango. Najua picha ile niliyopiga nimeegemea bawa, ambayo Mama ameitundika juu ya televisheni, inaonyesha kama mtu anaamka tu akaenda anakotaka. Sivyo. Nikitaka kwenda Uholanzi, kabla sijawasha injini natuma kwa watu wa mpaka majina ya wote watakaopanda, pasipoti zao na tarehe zao za kuzaliwa. Kisha naandika mpango wa safari kwa waongozaji: natoka saa ngapi, napita wapi, mafuta yangu yanatosha saa ngapi, ndege ina rangi gani, ndani mna watu wangapi. Hiyo idadi ya watu si ya polisi. Ni ya waokoaji. Ukianguka baharini, ndiyo inayowaambia wamtafute nani na waache lini.

Nikifika upande wa pili siwezi kushuka popote. Lazima kiwe kiwanja chenye forodha na uhamiaji, na vingine vinataka uwape habari tangu jana yake. Viwanja vya nyasi vya wakulima viko kila mahali, vizuri kuliko uwanja wa shule yako, lakini ukitoka nchi nyingine ukashuka pale umeingia nyumba ya watu kwa dirisha. Tangu Uingereza ijitoe kwenye Umoja wa wenzake wa Ulaya, hata mkate wenye nyama sivuki nao. Mkate, dada! Sasa niambie nitamvusha vipi mtu mzima asiye na kibali?

Mwangangi aende ubalozini wamsaidie kurudi. Mbuzi si hoja; wazazi wa Kalunde ni waelewa.

Ndugu yako,
Kaloki


Matinyani
24 Februari 2024

Kaloki,

Nilimsomea Mama yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwa hivyo mtoto wangu anashindwa na karatasi." Akainuka akaenda kuchambua mboga. Picha bado iko juu ya televisheni, lakini leo ameifunika kwa kitambaa cha meza. Anasema ni vumbi.

Unaweza kucheka. Mimi sicheki tena. Mwangangi alinipigia Alhamisi. Polisi walikuja kwenye ile nyumba wakawachukua wenzake wawili. Yeye alikuwa ameenda dukani. Sasa haingii ndani hadi aone taa ya jikoni imewashwa na Mghana wake. Alilia, Kaloki. Mwanamume wa miaka thelathini na moja alilia nikiwa nimesimama kwenye laini ya maji, watu wananiangalia. Ubalozini hataki kusikia, anaona ni kujipeleka mwenyewe kwa polisi.

Mimi sijui sheria za hewa. Ninachojua ni kwamba baba alipokuwa anakata roho alikuambia wewe, si mimi, "mtoto huyu ni wako." Nilikuwepo. Una nyumba, una kazi, una ndege siku zako za zamu. Ukimwacha ndugu yako alale sakafuni kwa watu, saa moja tu ya kuruka kutoka kwako, basi usituandikie tena, maana sitakuwa na la kumsomea Mama.

Wayua


Norfolk
16 Machi 2024

Dada,

Ukurasa huu si wa Mama. Ukishausoma uchome.

Umeshinda. Nimeongea na Mwangangi mara tatu. Nitavuka mimi peke yangu kihalali, nitashuka kiwanja chenye forodha, nitapigiwa muhuri, nitajaza mpango wa kurudi wa mtu mmoja. Nikishapaa nitashuka kwa dakika chache kwenye kiwanja cha mkulima karibu na pwani, nitampakia, tutavuka. Upande huu kiwanja chetu hakina ofisi ya mpaka. Maafisa huja wanapoamua kuja, na kwa rubani mmoja anayerudi kutoka kunywa kahawa huwa hawaji.

Zamu yangu ni tarehe 11 Aprili. Hewa ikiwa mbaya sitaenda, na hamtanilaumu. Usimwambie mtu, hata mchungaji.

Kaloki


Matinyani
28 Aprili 2024

Kaloki,

Mbona kimya? Kila nikipiga simu unanitumia ujumbe wa maneno mawili, "nitaandika, nitaandika." Mwangangi simu yake imezimwa tangu tarehe 11. Mama anadhani mko pamoja mnajifurahisha na mmetusahau. Ameanza kutengeneza unga wa mtama wa kumtumia, anasema huko kwako atakonda kwa vyakula vya makopo. Kalunde amenipigia kutoka Wote mara nne. Mara ya nne hakuuliza kitu, alinisalimia tu akangoja niseme.

Mko salama? Andika hata mstari mmoja.

Wayua


Norfolk
12 Mei 2024

Dada Wayua,

Nisamehe. Niliumia mguu kazini nikalazwa kidogo, sikutaka kuwatia wasiwasi.

Sikwenda siku ile. Upepo ulikuwa mbaya, nikaahirisha. Nilipompigia Mwangangi aliniambia amechoka kungoja, amepata watu wa mashua za mpira wanaovusha wengine kutoka Ufaransa, na ataenda nao. Nilimkataza. Unamjua alivyo mbishi. Tangu hapo sijampata na mimi. Pengine yuko kambi fulani, huko huwanyang'anya simu.

Tumwombee. Mwambie Mama mguu unapona.

Kaloki


Matinyani
3 Juni 2024

Kaloki,

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako hata hatua tatu haikufika.

Tarehe 11 Aprili, nikiwa jikoni na Mama, Mwangangi alinipigia. Nilitoka nje nikapokea kwa sababu nilijua ni siku gani. Alikuwa uwanjani kwenye nyasi, nilisikia upepo kwenye simu na alikuwa anapiga kelele kwa furaha. Akaniambia, "Dada, namwona! Anashuka! Kweli ni yeye anaendesha, ameniwashia taa!" Kisha kukawa na mlio wa injini, hatukusikilizana tena.

Sikukuambia kwamba alinipigia. Nilikuwa naweka akiba nikuone utasema nini. Umesema upepo.

Sasa niandikie tena, na safari hii anza na pale alipokuona ukishuka.

Wayua


Norfolk
20 Juni 2024

Dada,

Mwangangi amekufa. Nimeandika neno hilo kwanza ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma.

Alikuwa ameketi pembeni mwa uwanja na mfuko wa plastiki. Hatukusalimiana vizuri, injini ilikuwa inazunguka, nikampungia mkono apande. Jaketi za kuokolea majini huwa mbili kwenye ndege yetu, lakini moja ilikuwa imepelekwa kukaguliwa, na mimi sikuitafuta nyingine kwa sababu kila mtu kiwanjani alijua nasafiri peke yangu. Ningeomba ya pili ningeulizwa ya nani. Nilimpa ile moja. Akakataa. Akasema, "Wewe ndiye unaendesha, ukifa wewe nitafanya nini mimi huku juu?" Tukacheka. Nikaivaa.

Alicheka hadi pwani. Aliniuliza kila kisaa ni cha nini. Tulipokuwa juu ya maji aliona meli ndefu ya makontena, akataka tushuke kidogo aitazame, na mimi nikageuza ili aione upande wake. Kulikuwa na unyevu hewani, wa aina inayofanya barafu kwenye koo la injini hata kama nje hakuna baridi kali. Kuna mpini wa kuvuta hewa ya moto. Kila rubani anaujua. Nilichelewa kuuvuta kwa sababu nilikuwa namwonyesha meli. Injini ikatetemeka, ikakohoa, ikanyamaza.

Niliita msaada redioni. Mwanamke aliyenijibu alikuwa mtulivu, aliniuliza niko wapi nikamwambia. Kisha akaniuliza, mko watu wangapi ndani? Fomu ya mpango wa safari ilikuwa gotini kwangu, dada. Nikajibu, mmoja.

Mwangangi alikuwa amevaa vile vidude vya masikioni. Alisikia. Aligeuka akaniangalia, akaniuliza kwa Kikamba, "Na mimi?"

Nikamwambia anyamaze, tutapanga tukishatoka. Nilikuwa bado nafikiria uhamiaji. Maji yanakuja na mimi nafikiria uhamiaji.

Tulipogonga, nilivunjika mguu, yeye hakuumia. Ndiye aliyenitoa. Ndege ilielea kwa muda wa kusali Baba Yetu mara mbili au tatu, ikazama. Alinishika kwenye ukosi wa jaketi. Aliongea mwanzoni, juu ya Kalunde, juu ya kiatu chake kilichotoka. Kisha akaongea polepole. Kisha vidole vyake vikaachia, nikamshika mkono, na mimi mkono wangu ukaachia. Niliona kichwa chake kwenye wimbi la kwanza na la pili. La tatu sikukiona.

Helikopta ilikuja baada ya hapo. Sijui dakika tano, sijui kumi. Mtu aliyeshuka na kamba alinipigia kelele sikioni, "Uko peke yako?" Niliitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Wakanivuta juu, wakageuza, wakaondoka.

Usiniulize kwa nini. Nimejiuliza kila siku na kila siku napata jibu tofauti. Baridi. Hofu. Nilikuwa nimeshasema mmoja. Hospitalini walikuja watu wa kuchunguza ajali, watu waungwana, wakaniletea hata chai. Nikawaambia mmoja tena.

Sasa sikiliza, kwa maana hili ndilo la haraka. Polisi wa Uholanzi wametoa tangazo kwenye mtandao. Mwili wa mwanamume Mwafrika uliokotwa ufukweni tarehe 2 Mei. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kimepinda. Fulana ya kambi ya vijana, Kitui, 2017. Ni yeye. Kidole ni kile kilichovunjwa na kamba ya punda. Wanatafuta jina. Asipojitokeza mtu hadi mwisho wa Agosti watamzika huko kwa namba.

Waandikie wewe, kama dada. Sema alikuambia anapanda mashua ya mpira na watu usiowajua. Watapima mate yako walinganishe, watakubali, ataletwa nyumbani azikwe kama mtu. Na hakuna atakayeniuliza mimi chochote. Wewe ni mwalimu, barua yako wataiamini.

Nakuomba, mwana wa mwaitu, mtoto wa mama yangu.

Kaloki


Matinyani
10 Julai 2024

Kaloki,

Barua yako niliisomea kwenye stoo ya vitabu, mlango nimeufunga kwa ndani. Watoto walikuwa wanaimba nje. Nilipotoka nilifundisha hesabu za sehemu mpaka kengele, sijui hata nilifundisha nini.

Nitaanza na langu. Mimi ndiye niliyeandika usituandikie tena. Wewe ulikuwa umeshatueleza, tena kwa utani mzuri, kwamba hewa ina malango, na mimi nikakusukuma hadi ukapita dirishani. Jambo hilo nalala nalo na naamka nalo. Sikuandikii kama hakimu.

Lakini barua ya mashua siandiki.

Jumamosi nilikwenda Wote kumwona Kalunde. Nilitaka nimwambie, nikashindwa. Tulikaa na mama yake tukamenya maharagwe. Kalunde ameacha kusuka nywele. Wanaume wawili wamekuja kumposa na baba yake hawezi kuwajibu lolote, maana mbuzi wetu wako bomani kwake na mwenyewe hajulikani alipo. Si mke, si mjane, si msichana. Akaniuliza, "Dada, kama amekufa, ni nani alikuwa naye?" Sikia alivyouliza. Hakuuliza alikufa vipi.

Kwetu anayetoka na mtu ndiye anayerudi kusema. Hata ng'ombe akifia malishoni, mchungaji ndiye anayekuja na ngozi hadi kwa mwenyewe, hatumi jirani aje na hadithi ya simba. Nikiandika mashua, nitakuwa nimemzika Mwangangi na uongo ndani ya jeneza, na Mama atakaa miaka yake iliyobaki akiwalaani watu wa mashua ambao hawakumgusa mtoto wake. Na nitakuwa nimesema mara ya nne, kwa mkono wangu mimi, kwamba kwenye ndege kulikuwa na mtu mmoja.

Nenda mwenyewe. Waambie watu wa ajali, waambie polisi. Umpe ndugu yako jina. Nitasimama na wewe, nitakuja huko hata kama ni kwa kuuza shamba la mtoni, nitakaa kwenye benchi la mahakama nionekane. Mama sijamwambia. Nakungoja mpaka tarehe tano Agosti.

Dada yako,
Wayua


Norfolk
27 Julai 2024

Dada,

Nimefika hadi mlango wa kituo cha polisi mara mbili. Mara ya pili nilishika kitasa. Sikuweza.

Nimeuliza kwa wakili bila kutaja jina langu. Ni kifungo, na kikiisha ni kufukuzwa nchini. Kumvusha mtu, kusababisha kifo, kudanganya wachunguzi, vyote kwa pamoja. Leseni yangu imeshasimamishwa. Kazini wananiangalia kwa huruma kwa sababu ya mguu, wananiita mwenye bahati.

Fikiria kwa utulivu kama mwalimu. Mwangangi ameshakufa, hata nikifungwa miaka mia hatarudi. Mimi ni mzima. Ukinisukuma nikaingia ndani, Mama atakuwa amepoteza wawili badala ya mmoja. Hesabu tu, dada. Goti lake atalitibu nani? Nani atakayemzika yeye siku ikifika? Na ukisema ukweli si mimi tu. Barua yako ya Februari nayo itasomwa mahakamani, kila mtu Kitui atajua ni nani alinisukuma. Sitaki ufike huko.

Barua ya mashua ni mistari sita. Nimekuandikia mfano kwenye karatasi ya pili, wewe ni kuinakili tu kwa mkono wako. Na barua zangu zichome, hasa ya Machi na ya Juni. Najua ulisema kwa simu kwamba ile ya Machi uliichoma.

Usimwambie Mama. Itamuua.

Kaloki


Matinyani
14 Agosti 2024

Mwanangu Kaloki,

Anayeandika ni Wayua, lakini maneno ni yangu mimi mama yako, na nimemkataza kuyapamba.

Sijafa. Uliandika kwamba itaniua, na Wayua akaogopa akakaa na barua yako siku tatu. Jumapili, tulipotoka kanisani, nilimwambia alete barua ya kusoma. Akafungua sanduku, akatoa barua, akairudisha. Nikamwambia, mtoto, mimi nimezika mume, nimezika kaka, soma. Akasoma zote, zako na nakala za zake ambazo huzibakiza, kuanzia ile niliyosema wewe si una ndege, hadi ile ya mwisho na karatasi yake ya pili. Barua ya Machi hakuichoma. Mwalimu hachomi karatasi, ungejua. Ile ya redioni nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena, akakataa.

Nilimkasirikia Wayua kwanza, kisha nikajikasirikia. Mimi ndiye niliyesema uende umchukue. Nilijisifu kwa akina mama wa maombi kwamba mwanangu hupita juu ya mipaka ya wazungu. Hilo ni langu na nitalibeba mwenyewe, usinibebee na usilitumie kumtisha dada yako. Barua yake ya Februari nimewapa polisi pamoja na nyingine. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiweka juu.

Jumanne tulikwenda Kitui kwa wapelelezi, mimi na Wayua na chifu. Kalunde alikuja kutoka Wote na baba yake. Tulimweleza kule kule nje, chini ya ukuta. Hakulia mbele yetu. Aliuliza kama Mwangangi alimtaja, nikamwambia ndiyo, alimtaja ndani ya maji.

Afisa alikuwa kijana mstaarabu. Alinisugua ndani ya shavu na kijiti chenye pamba, akasema kitapelekwa Uholanzi kulinganishwa. Kisha akachukua fomu, akaniuliza, "Mama, una watoto wangapi?"

Wewe hujui, kwa sababu mambo haya wanaambiwa wasichana. Kwetu mama hahesabu watoto wake kwa mdomo. Nyanya yako aliniambia ukitaja idadi umewaonyesha kwa kifo. Nikiulizwa kliniki nilikuwa nasema wapo. Nikiulizwa wakati wa sensa nilimwacha baba yako ajibu. Miaka arobaini na sita sijawahi kuisema namba hiyo. Kijana alikuwa anangoja na kalamu, na Wayua akafungua mdomo anisaidie, nikamzuia.

Nikasema watatu.

Akauliza wako wapi. Nikamwambia mmoja ni huyu mwalimu. Mmoja yuko Uholanzi kwenye mochari, anaitwa Mwangangi Mutisya, hana jina huko, naomba mwandike. Na mmoja yuko Uingereza, anaitwa Kaloki Mutisya, ndiye aliyekuwa naye ndani ya ndege, na anwani yake iko nyuma ya bahasha hii. Nikampa bahasha.

Ulisema nihesabu. Nimehesabu.

Watakuja kwako. Sijui ni leo au ni mwezi ujao, afisa hakujua pia. Ungeweza kutangulia mwenyewe ukasema kabla hawajabisha, na kama barua hii itakufikia mapema, fanya hivyo; ningependa kusikia kwamba ulikwenda kwa miguu yako. Wakikuuliza mlikuwa wangapi, waambie. Ukimaliza kuwaambia utalia, na hapo ndipo nitakapoamini kwamba ulikuwa na ndugu.

Sikukatai. Nimekuzaa na siwezi kukurudisha. Kila mwezi nitakuandikia huko watakakokuweka, na Wayua ataulizia anwani.

Mama yako,
Ndunge